Skrubu ya Nane

Shemeji yangu alikuwa na makoti manne ya kazi, meupe, ya kufika magotini, na hakuna hata moja lililokuwa na mfuko wa kuingiza mkono. Mifuko ilikuwepo, ila dada yangu aliishona midomo yote, uzi mara mbili, kabla koti halijavaliwa. Mtu asiyejua angesema mke anamchunga mume asifiche kitu. Wala. Ni kazi yenyewe iliyotaka hivyo, na nitaeleza, ila mnivumilie, maana mimi hata nikitumwa dukani napita kwanza kwa kila mtu kusalimia.

Kazini walimwita Kipupwe, na jina likamganda hadi nyumbani. Alikuwa fundi wa baridi. Si baridi ya mafriji. Hiyo alisema ni joto linalojidanganya. Yeye alitunza baridi ya chombo kimoja tu, katika chumba kimoja cha chini kwenye jengo la wanasayansi, kwa miaka thelathini na mmoja. Mimi nilikuwa dereva wa lori la gesi, hadi nilipostaafu mwaka mmoja kabla ya haya ninayosimulia. Kila Jumanne nilishusha pale mitungi ya nitrojeni, gesi iliyopozwa mpaka ikawa maji, ukifungua kifuniko inafuka moshi mweupe unaotambaa sakafuni kama paka. Ndivyo tulivyojuana. Siku moja dada alinifuata pale getini kunidai ufunguo wa nyumba, akamkuta huyu bwana amevaa glavu nene mpaka kwenye viwiko.

"We, unaoka mikate?" akamuuliza.

"Naoka baridi."

"Basi usiiunguze."

Mambo yakaanzia hapo. Nikawa shemeji bila kuulizwa.

Chombo chenyewe walikiita Mtungi. Lilikuwa pipa refu kuliko mtu, limening'inizwa kwenye fremu ya alumini, na ndani ya pipa mna pipa, na ndani yake jingine, kama maganda ya kitunguu, na kati ya ganda na ganda hewa imenyonywa yote. Pampu yake ilipumua mchana kutwa, tok, kimya, tok, kimya, mpaka ukitoka nje masikio yanaitafuta. Chini kabisa, penye baridi kupita zote, palikaa kipande kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Juu ya kipande hicho palikuwa na vijiraba, yaani miraba midogo mno ya madini, mia na ushee, ambavyo huvioni bila darubini.

Nilimsumbua sana kwa maswali siku za kushusha mzigo. Hakuchoka kunijibu, au alichoka lakini alinijibu.

"Madini yale, shemeji, ukiyapoza kupita kiasi, umeme unapita ndani yake bila kusuguana na chochote. Ni kama yamelala fofofo. Ukiyapasha kidogo yanaamka, umeme unaanza kupita kwa shida. Sasa sisi hatuyaachi yalale, wala hatuyaachi yaamke. Tunayashika pale katikati, kama mtu anayesinzia kitini. Mtu wa hivyo, inzi akitua puani si anashtuka?"

"Anashtuka na kutukana."

"Haya. Mwale mmoja wa eksirei ukitua kwenye kijiraba, unakipa joto dogo mno, nacho kinashtuka. Sisi tunapima kimeshtuka kiasi gani. Basi."

"Basi tu? Mashine yote hii?"

"Kila madini yana mwale wake, kama mtu na sauti yake. Risasi ina wake, shaba ina wake. Vipimo vingine navyo vinasikia, lakini vina uziwi. Sauti mbili zikikaribiana, vinakwambia huyo ni mtu mmoja. Huu Mtungi unawajua mapacha kwa kikohozi."

Na kweli walikuwa na mapacha wao. Kilikuwepo kijidonge cha madini kinachotoa miale miwili iliyokaribiana mno, na kila Mtungi ulipopozwa, jambo la kwanza lilikuwa kuuonyesha hiyo miale. Kwenye kioo cha kompyuta vilijitokeza vilima viwili. Vikitengana, na bonde likaonekana katikati, watu walipeana mikono. Vikishikana vikawa kilima kimoja kinene, hakuna aliyekula vizuri siku hiyo.

Sasa mifuko. Adui wa Mtungi ni sumaku, na chochote chenye asili ya sumaku. Vile vijiraba vinavyosinzia, chuma kikiwa karibu havisinzii sawasawa. Kimoja kinazidi, kingine kinapungua, na kipimo kinaharibika. Kwa hiyo kifuniko cha ganda la mwisho, lile linalokifunika kipande chenyewe, kilifungwa kwa skrubu nane za shaba iliyopakwa fedha. Kwa macho ukiiweka skrubu hiyo na ya chuma inayong'aa, huwezi kusema ipi ni ipi. Kipupwe alikuwa na sumaku ndogo aliyoining'iniza kwa uzi kwenye taa ya meza. Kila skrubu aliipitisha mbele ya sumaku ile taratibu, amebana pumzi. Sumaku ikigeuka hata unywele mmoja, skrubu inatupwa kwenye kopo la takataka. Isipogeuka, inalazwa juu ya kitambaa cheupe, na kutoka kitambaani inakwenda kwenye tundu lake, haipiti pengine popote. Skrubu iliyoingia mfukoni, hata kwa kupepesa jicho, kwake ilikuwa mgeni. Ilianza upya kwenye uzi. Na kwa kuwa mkono wa fundi una akili zake, unaweza kutia kitu mfukoni bila kumwambia mwenyewe, dada akaishona mifuko. Ndiyo siri yote.

Alistahili kupumzika miaka miwili kabla ya haya ninayosimulia. Magoti yalikuwa yamekwisha kwa kupiga magoti chini ya pipa. Sikio la kushoto lilibaki na ile tok ya pampu hata akiwa mezani kwake anakunywa chai. Alikuwa akikaa, anasinzia. Akisinzia, mkono wa kulia unaendelea kuzungusha bisibisi isiyokuwepo. Lakini mkuu wa chumba kile, mama mmoja tuliyemwita Daktari, alimwomba abaki mwaka mmoja. Akabaki. Akamwomba tena. Akabaki tena. Hakuwa mwanamke mbaya, yule Daktari. Kile kipande chenye vijiraba alikitengeneza mwenyewe, miaka minne, na hapakuwa na mikono mingine aliyoiamini kukifungia.

Dada alikuwa amechoka kwa namna yake. Ni fundi cherehani, chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho duka, na miguu ilikuwa inamvimba kwa kukanyaga cherehani. Dada yetu mkubwa, anayeishi mji mwingine, safari ya siku nzima kwa basi, aliwaandalia vyumba viwili na alikuwa anawasubiri. Mara mbili dada alifunga mizigo, mara mbili akaifungua. Safari hii ya tatu aliapa. Ijumaa ya mwisho wa mwezi Kipupwe anakabidhi funguo, Ijumaa hiyo hiyo jioni wanalala safarini, na tiketi alizikata yeye mwenyewe.

"Akiniambia tena Mtungi," aliniambia, "nitamwambia akaoe pipa."

Basi wiki mbili kabla ya siku hiyo, koti mojawapo liliunguzwa na asidi, na ofisi ikampa Kipupwe koti jipya. Akalileta nyumbani kama kawaida, akaliweka juu ya cherehani. Dada akalitazama.

"La nini hili?"

"La kazi. Mifuko yake bado."

"Mtu anayestaafu baada ya wiki mbili anapewa koti jipya? Au kuna maneno sijaambiwa?"

"Hakuna maneno, mke wangu. Lile jingine limetoboka."

"Basi lishone mwenyewe. Mimi sishoni mifuko ya mtu anayeondoka."

Akalivaa hivyo hivyo, mifuko wazi. Angeweza kuishona mwenyewe, anajua sindano. Nadhani alikuwa amechoka tu. Kuna uchovu wa kufika mahali ambapo sindano na uzi ni mlima.

Jumamosi waliufunga Mtungi, mara ya mwisho ya Kipupwe. Siku mbili za kunyonya hewa, siku nne za kuupoza, nitrojeni kwanza, kisha heliamu, ile gesi ya kujazia maputo, nayo ikiwa maji. Ijumaa mchana mapacha wakaonyeshwa. Wakagoma. Kilima kimoja kinene, na kibonyeo kidogo juu kama mtu aliyekalia mto. Kipupwe alipofika nyumbani alisema tu, "Hawajaachana vizuri," akala kidogo, akalala na viatu.

Kesho yake, Jumamosi saa sita, nilikwenda kwao kusaidia kufunga masanduku. Nilimkuta mezani anatengeneza pasi ya dada. Mpini ulikuwa umelegea tangu zamani, na dada alitaka aende nayo safari ikiwa nzima. Kipupwe alikuwa amenunua skrubu tatu za chuma dukani, asubuhi ya ile siku ya kuufunga Mtungi, akipita kwenda kazini. Sasa alizitoa kwenye mfuko wa koti, akazipanga mezani, akachukua bisibisi ya nyumbani, ile yenye sumaku kwenye ncha, ambayo kazini hairuhusiwi hata kuonekana mlangoni.

Skrubu ya kwanza ikanata kwenye ncha, akaipeleka kwenye tundu, akaikaza. Ya pili ikanata, akaikaza. Ya tatu ikaanguka.

"Uzee huo, shemeji," nikamtania.

Akaiokota, akaiweka tena kwenye ncha. Ikaanguka tena, ikabingirika mpaka kwenye kikombe changu. Nikataka kumpa. Akanizuia kwa kiganja.

"Usiiguse."

Akainama akaitazama muda mrefu. Kisha akaisogelea kwa ncha ya bisibisi, taratibu, amebana pumzi. Skrubu haikujali. Haikusogea kabisa.

"Saizi moja, sura moja, lakini hii si ya dukani," akasema.

"Sasa ya wapi?"

Aliinua uso akawa anatazama ukuta, midomo inahesabu. Kisha akasema polepole, kama mtu anayesoma barua ya mwingine, "Nilikuwa nimekaza saba. Ya nane iko mkononi. Daktari akaniita nimshikie taa upande wa pili, waya mmoja ulikuwa umelala vibaya. Nikamshikia. Nikarudi, nikakaza ya nane." Akajitazama kiganja. "Nilipomshikia taa, ya nane niliiweka wapi?"

Cherehani ya dada ilikuwa inakimbia mle chumbani. Ikasimama.

"Mfuko gani?" dada akauliza, hajageuka.

"Wa koti jipya."

Nje mtu alikuwa anapiga honi, halafu akaacha.

"Usiseme ni mimi," dada akasema.

"Sijasema."

"Unafikiri."

"Sifikiri, mke wangu. Nimechoka hata kufikiri."

Nikaona niokoe jahazi, maana ndiyo kazi ya shemeji. "Haya, imeingia ya chuma," nikasema. "Pipa litapasuka?"

"Halipasuki."

"Kipande kitaungua?"

"Hakiungui. Kitafanya kazi. Kitasoma. Kitadanganya kidogo tu."

"Kidogo!" nikasema. "Sasa si kidogo? Nani hajawahi kudanganya kidogo? Mie lori langu lile mita ya mafuta ilidanganya miaka tisa, na mzigo ulifika. Nyamaza, shemeji. Ijumaa unakabidhi funguo, watakuja wengine, watafungua siku moja, watakuta skrubu, watasema ni ya mzee fulani, nawe utakuwa mbali unaota jua. Ukisema leo, nini kitatokea? Niambie."

Akanihesabia kwa vidole. Siku nne za kuupasha moto polepole, kwa sababu ukiufungua ungali baridi, hewa ya chumba inageuka jasho juu ya nyaya nyembamba kuliko nywele. Siku moja ya kufungua na kufunga. Siku mbili za kunyonya hewa. Siku nne za kupoza. Na siku za kutazama mapacha. Wiki mbili na zaidi.

"Na Ijumaa?" nikauliza.

Akatazama mlango wa chumba cha dada. Cherehani ilikuwa bado kimya.

Jumapili nzima sikumwona. Dada aliniambia alikaa kitini kuanzia asubuhi, redio imewashwa kwenye kituo kisichosikika vizuri, na hakuinuka kuirekebisha. Jumatatu asubuhi alinipigia simu.

"Shemeji, nisindikize."

"Kwenda wapi?"

"Unajua wapi."

Nilimsindikiza. Getini yule mlinzi wa siku zote, ambaye nilimsainia karatasi miaka na miaka, akaniona bila lori akacheka. "Leo umeleta nini, dereva? Mikono mitupu?"

"Nimeleta fundi wako."

"Huyo tunaye hadi Ijumaa tu. Halafu tutapata joto hapa!"

Kipupwe hakucheka. Alishuka ngazi akishika ukuta, koti liko mkononi, hajalivaa.

Daktari alikuwa peke yake mle chini, mbele ya kompyuta, nywele amezifunga kwa kipande cha waya. Ana macho makubwa yule mama, lakini siku hiyo yalikuwa madogo, mekundu. Tok, kimya, tok, kimya.

"Mzee wangu, karibu," akasema. "Na wewe dereva, umerudi kazini?"

"Nimesindikiza tu."

"Daktari," Kipupwe akasema, hata hajakaa, "uufungue Mtungi."

"Niufungue? Si ndiyo kwanza umepoa?"

"Skrubu ya nane ni chuma."

Daktari akageuka na kiti chake chote. "Umejuaje?"

"Ya shaba ninayo mimi." Akaitoa kwenye kitambaa, akailaza mezani chini ya taa, pale ile sumaku ya uzi inaponing'inia. Daktari akaichukua, akaipitisha mbele ya sumaku. Uzi haukutikisika. Akaipitisha tena. Kisha akaiweka chini kwa uangalifu, kama yai.

Alitugeuzia kioo cha kompyuta. Kulikuwa na picha ya vijiraba vyote, vimepakwa rangi, na pembe moja ilikuwa nyekundu, na wekundu ukipungua kadiri unavyoiacha pembe ile.

"Skrubu ya nane iko pembe gani?" akauliza.

Kipupwe akanyoosha kidole kwenye wekundu.

"Mimi nilidhani nimekosea kukitengeneza," Daktari akasema. "Upande ule niliupaka madini siku mashine ilikuwa inasumbua, nikasema ndiyo hiyo, nimevuna nilichopanda." Akafungua ukurasa mwingine. "Hii ni barua. Nimeiandika jana. Nawaambia wanasayansi wenzangu wanaokisubiri kwamba kipande hakifai, watafute cha watu wengine. Miaka minne, mzee wangu. Ilibaki nipate nguvu ya kuituma."

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa mkono wa koti, kisha ghafla akakunja uso.

"Umejua lini?"

"Jumamosi."

"Jumamosi! Na simu huna?"

"Ninayo."

"Sasa?"

"Nilikuwa natafuta mtu wa kunikataza," Kipupwe akasema. "Nikampata huyu." Akaninyooshea mimi.

Nilitamani sakafu inimeze. Daktari akanitazama kwa yale macho. "Dereva," akasema, "wewe ubaki kwenye nitrojeni yako." Na hiyo ndiyo adhabu yangu yote.

Nilitarajia amwombe. Nilikuwa hata nimeandaa maneno ya kumsaidia shemeji kukataa. Lakini yule mama alikaa akitazama zile glavu nene zilizotundikwa ukutani, akasema, "Ijumaa ni siku yako. Mimi sikuombi. Mara mbili nimekuomba. Mara ya tatu ni wizi."

"Nani atafungua?"

"Nitafungua mwenyewe, na mmoja wa mafundi wa ghorofani."

"Yule wa ghorofani amewahi kukifungua kifuniko cha mwisho?"

"Atajifunza."

"Atajifunza juu ya kipande chako."

Kipupwe akachukua koti jipya, akalitazama, akalivaa. Akainama kwenye droo, akatoa utepe wa kunata, akajibandika mifuko yote miwili, huku na huku, mistari mitatu mitatu. Kisha akaenda kwenye bomba la heliamu akaanza kulifunga, robo mzunguko, anasikiliza, robo mzunguko. Mimi nikakaa juu ya mtungi mtupu. Hapakuwa na cha kufanya. Kupasha kitu moto polepole ni kukaa tu.

Tulirudi alasiri. Dada alikuwa mlangoni pa duka, amekaa juu ya sanduku lililofungwa kamba. Alimtazama mume wake usoni, akauona ule utepe mifukoni, akatikisa kichwa.

"Wiki ngapi?"

"Mbili. Na siku kidogo."

"Mimi naondoka Ijumaa."

"Najua."

"Sifungui masanduku tena. Mikono inaniuma kwa mafundo."

"Usifungue."

"Na usije ukaniambia ni kwa sababu ya mfuko."

"Mfuko haukunishika mkono," Kipupwe akasema. "Niliutia mwenyewe."

Dada akachomoa sindano iliyokuwa ukosini mwake. Halafu akasema, "Lete hilo koti."

Akamwambia asilivue. Alibandua utepe akiwa amekaa palepale juu ya sanduku, akamvuta karibu, akaishona mifuko juu ya mwili wake, uzi mara mbili, bila kumwangalia, na kila sindano ilipopita Kipupwe alirudi nyuma kidogo. "Tulia," akamwambia. "Nikikuchoma umejitakia mwenyewe."

Ijumaa nilimsindikiza dada, kwa tiketi ya Kipupwe. Kipupwe alikuja kituoni na glavu zimesahauliwa shingoni kwa kamba, akapandisha masanduku, akasimama dirishani. Sikusikia waliyosema, injini ilikuwa inanguruma. Basi lilipoondoka dada alitazama mbele, na baada ya mwendo mrefu, tushapita mashamba, akasema, "Ana suruali moja tu safi." Nikasema basi lina upepo mzuri.

Tulikaa kwa dada mkubwa siku kumi na tisa. Simu zilikuja fupi fupi. Umepata moto. Tumefungua. Tumekuta. Umefungwa. Nitrojeni imechelewa, dereva mpya amepotea njia (hapo nilifurahi kidogo, Mungu anisamehe). Umeanza kupoa. Dada alisikiliza zote kwa kipaza sauti akiwa anakunja nguo, kama mtu asiyesikiliza.

Siku ya kumi na tano, saa nne asubuhi, simu ikalia.

"Mapacha?" nikauliza kabla ya salamu.

"Wameachana," Kipupwe akasema. Sauti yake ilikuwa inatoka mbali, si kwa sababu ya mtandao. "Katikati pana bonde unaweza kupitisha ng'ombe. Hata ile pembe nyekundu imetulia. Daktari amefuta ile barua."

"Hongera, shemeji! Mmesherehekea?"

"Daktari amelala juu ya meza. Mimi nimeosha vikombe."

Dada akainyakua simu. "Na wewe?"

"Mimi nini?"

"Unakuja au bado kuna jambo?"

"Nimekabidhi funguo. Nimempa yule wa ghorofani. Amekifunga kifuniko yeye, mimi nimeshika taa."

Dada akafumba macho. Akanirudishia simu, akaendelea kukunja nguo ileile aliyokwisha kuikunja.

Alifika keshokutwa yake, na mkoba mmoja. Alisalimia watu wote wa nyumba ile, mkubwa kwa mdogo, akaonyeshwa kitanda, akalala. Alilala siku hiyo na usiku wake, na siku iliyofuata, anaamka kunywa maji, anarudi. Dada mkubwa alitia wasiwasi, akataka aitwe mganga wa zahanati. Dada akakataa. Aliweka kiti karibu na mlango, akawa anashona kwa mkono, na yeyote aliyepita akizungumza kwa sauti alitazamwa mpaka akanyamaza.

Siku ya tatu, kumepambazuka, nikamsikia anahangaika chumbani. Nikachungulia. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, amevaa shati, anafunga kamba za viatu, mdomo wazi kwa usingizi.

"Leo siku gani?" akauliza.

"Jumanne," dada akamwambia kutoka kitini.

"Jumanne nitrojeni inaletwa. Siku ya kazi."

"Kazi ya nani?"

Kipupwe aliiacha kamba ikiwa nusu. Alifikiri, akasikiliza, na humo ndani hapakuwa na mlio wowote. Kisha akainama taratibu, kwa sababu ya magoti, akaanza kuvua kiatu.